Theluji ya Juu ya Bomba

Asubuhi hiyo Armas Heikura alikuwa amekwisha kusafisha lango lote, nguzo hadi nguzo. Alikuwa ameegemea beleshi lake, jasho likimgandia kwenye nyusi, greda ilipopita barabarani. Dereva alimpungia mkono kwa adabu. Kisha greda ikamwaga kando theluji yote iliyoizoa njiani, ikailaza langoni kama ukuta wa mabonge magumu mithili ya mawe ya kujengea, ikaenda zake.

"Mshenzi!" Armas alipiga kelele. "Rudi! Rudi uchukue takataka zako!"

Nyuma yake dirisha la jikoni liligongwa kwa kijiko, kisha likafunguliwa kidogo. Dada yake Saimi alikuwa pale tangu kulipopambazuka, mkono wa kulia ukiwa ndani ya plasta, kama msimamizi aliyeletewa kibarua asiyemwamini.

"Usimtukane Onni. Mama yake naimba naye kwaya."

"Basi mama yake aje azoe!"

"Anapita saa hizi kila siku. Mwenye akili humngoja apite, ndipo akasafisha."

"Na kwa nini hukuniambia jana?"

"Nilikuambia juzi," Saimi alisema, akafunga dirisha.

Armas alibaki akiutazama ukuta ule. Alikuwa mtu wa miaka sabini na miwili, dereva mstaafu wa tramu, zile treni za mitaani, za Helsinki, na kwa miaka yote aliyokaa kule hakuna aliyewahi kumwomba azoe theluji hata kijiko kimoja. Kule theluji ilikuwa kazi ya manispaa. Ilianguka usiku, watu wenye mashine wakaiondoa, na asubuhi mtu akavaa viatu vyake akaenda kazini. Aliondoka hapa kijijini Kaskivaara akiwa kijana, ameapa kwamba hatashika tena beleshi maishani. Sasa Saimi alikuwa ameteleza kwenye ngazi za sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke, akavunjika kifundo cha mkono, na kwa kuwa hakuwa na mume wala mtoto, hospitali ilimpigia simu mdogo wake.

Armas alikuja, lakini alikuja na jambo moja, akalitamka hata kabla ya kuvua kofia: huu uwe mwaka wa mwisho wa Saimi kuishi hapa. Kulikuwa na fleti katika jengo la jirani yake. Ina lifti, ina joto la kutosha, na duka liko chini. Mwenye fleti alikuwa akingoja jibu kabla ya Pasaka.

"Nipe sababu," Saimi alimwambia siku ile.

"Una miaka sabini na tisa."

"Hiyo ni sababu ya kuoka keki. Nipe nyingine."

"Mkono umevunjika."

"Mikono huunga."

"Theluji, dada! Tazama nje! Nani atakayeizoa nikiondoka?"

"Niliizoa mwenyewe ulipokuwa ukiendesha tramu." Saimi alikunja uso, akamwongezea kahawa kwa mkono wa kushoto, nusu ikaingia kikombeni. "Sikiliza. Siku nitakayoshindwa kuishi hapa, nitakwenda nawe, na sitalia njiani. Lakini sijashindwa."

Mazungumzo yao yalikwama hapo. Tangu siku ile Armas alikuwa akizoa theluji na kungoja Saimi ashindwe.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba mwili wake ulikuwa unamsaliti. Baridi ikikaza, theluji hulia chini ya buti kwa sauti nyembamba, na kila alipoisikia sauti ile alijikuta ana miaka minane, gizani, yuko juu ya mbao za kutelezea kuelekea shuleni nyuma ya Saimi. Saimi ndiye aliyekuwa akifungua njia kwenye theluji mpya, naye akiteleza katika mifuo yake. Saimi aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa ili mdogo wake asilie, maana machozi yangeganda. Harufu ya sufu iliyolowa darasani. Viazi vya moto mfukoni badala ya glovu za akiba. Armas alikuwa akisimama uani akitabasamu peke yake kama mlevi, kisha akaliona rundo mbele yake, tabasamu likafa. Kumbukumbu haizoi theluji.

"Unaongea na nani?" Saimi aliuliza dirishani.

"Na shetani. Anakusalimu."

Juma lile lile daktari akasema mfupa haukukaa sawa, na kwamba Saimi aende hospitali ya Kajaani wakautie kipande cha chuma. Angelala huko siku chache. Taisto, jirani wa ng'ambo ya barabara, alijitolea kumpeleka kwa gari lake. Taisto alikuwa mzee mnene mwenye mzaha, na tangu Armas afike hakuwahi kumwita kwa jina lake. Alimwita Bwana Tramu.

Saimi aliaga kwa maagizo. Ndege walishwe mafuta ya nguruwe. Moto wa jiko usizimike. Mikate ya samaki imo kwenye friza.

"Na ua uuache ulivyo," alimalizia, mguu mmoja ukiwa garini. "Wewe safisha njia tu."

"Nimekusikia."

"Njia tu, Armas."

"Dada, nimeendesha chombo chenye abiria mia katikati ya jiji. Naweza kuachiwa ua."

Taisto alicheka, akawasha gari.

Maneno yale yalimchoma Armas kutwa nzima. Ua uuache ulivyo! Kwani ua wenyewe ulikuwaje? Ulikuwa aibu. Alikuwa ameutazama tangu siku ya kwanza akajizuia kusema. Kutoka kwenye uzio wa mbao wa barabarani hadi ukuta wa jikoni palilala tuta refu la theluji, nene, lisiloguswa, kama kaburi la nyoka, limechomekwa matawi ya msonobari huku na huku. Kila alipotoka kuchukua kuni ilimbidi alizunguke tuta hilo, mikono imejaa, akijikwaa. Huo ni uzembe, alisema moyoni, wa mtu aliyezeeka peke yake hadi akaona uchafu ni desturi.

Basi mbingu zikatakata na theluji ikakoma kuanguka. Baridi ikashuka mpaka nyuzi thelathini chini ya sifuri, na hewa ikawa kavu. Armas aliona hiyo ndiyo nafasi yake. Atamwonyesha Saimi nini maana ya kusafisha. Akang'oa matawi, akayatupa. Akalichimba lile tuta tangu barabarani mpaka ukutani, akaisukuma theluji yote ng'ambo ya uzio, akakwangua hadi majani makavu ya mwaka jana yakaonekana, ya rangi ya kahawia, yamelala kama nywele zilizochanwa. Jioni mgongo ulikataa kunyooka, lakini alikaa dirishani na kahawa yake akautazama ua ulionyooka kama kituo cha tramu. Alilala usingizi wa mtu aliyetenda haki.

Aliufurahia ua huo hadi gari la Taisto liliporudi.

Gari lilisimama langoni na Saimi hakushuka. Armas alitoka kumfungulia mlango, ameshajiandaa kupokea sifa kwa unyenyekevu. Saimi alikuwa akitazama mbele kupitia kioo.

"Armas," alisema polepole. "Theluji ya bomba iko wapi?"

"Theluji ya nini?"

"Ya bomba."

Taisto alizima gari, akashuka, akautazama ule mstari wa majani makavu tangu barabarani hadi ukutani. Akavua kofia, kama watu wafanyavyo msibani.

"Bwana Tramu," alisema, "umemvua nguo mtoto mchanga kwenye baridi."

Hapo ndipo lilipomrudia Armas, tena lote kwa mkupuo, kama mlango uliofunguliwa na upepo. Alikuwa na miaka tisa kiangazi kile maji ya kijiji yalipoletwa hadi barabarani, na kila nyumba ikatakiwa ijichimbie mtaro wake. Baba yao alichimba kwa sururu. Kufika kina cha goti akakutana na mwamba. Aliupiga ule mwamba majuma mawili, mwamba ukakataa, basi akalilaza bomba juu yake na kulifukia kwa udongo kidogo uliokuwapo. Kila mwaka theluji ya kwanza ilipoanguka, baba alichomeka matawi ya msonobari, na kuanzia hapo hata mbwa hakuruhusiwa kupita. Theluji ilikuwa blanketi la bomba. Iliyoshindiliwa kwa miguu haizuii baridi, na iliyoondolewa ndiyo kabisa. Armas mwenyewe aliwahi kuchapwa kwa kuteleza na sleji, kigari cha theluji kisicho na magurudumu, juu ya tuta lile. Alilijua jambo hilo tangu utotoni. Mjini alilisahau, kwa maana mjini theluji haifuniki kitu ambacho mtu anakihitaji.

Walikimbilia jikoni. Saimi alifungua koki kwa mkono wa kushoto. Koki ilikohoa, ikatema maji ya rangi ya kutu yasiyojaza kikombe, ikanyamaza.

Taisto alileta mpira mwembamba na mashine ya maji ya moto, akajaribu kuyeyusha barafu kutokea ndani. Mpira ulikwenda hadi mahali bomba linapokata kona juu ya mwamba, ukagoma. Alisukuma, akavuta, akatukana kidogo, akasukuma tena. Mwishowe alikaa chini kwenye sakafu, miguu ameinyoosha.

"Nikilazimisha litapasuka, bomba lenyewe lina umri wa kuoa na kutaliki. Liacheni. Mwezi wa tano litafunguka. Au wa sita, kama jua litakuwa vivu."

"Mwezi wa sita!" Armas alisema.

"Maji mtachota kwangu. Ni kuvuka barabara tu."

"Asante, Taisto," Saimi alisema. "Lakini kwa mkono mmoja sibebi ndoo. Na kuishi kwa ndoo za huruma hadi kiangazi, hapana."

Saimi aliingia chumbani, na wanaume wale wawili walisikia kiti kikiburutwa, kisha sanduku likishushwa kutoka juu ya kabati.

Taisto alivaa glovu zake. Alipofika mlangoni alimsogelea Armas, akateremsha sauti.

"Lakini wewe ni mjanja, bwana. Ungeweza kumwambia tu kwa mdomo."

"Unadhani nilifanya makusudi?"

"Mimi? Mimi nakujua, huna akili hiyo. Ila kijiji hakikujui." Akaenda zake.

Armas alisimama katikati ya jiko akiwa na simu mkononi. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Alichokuwa amebaki nacho ni kumpigia mwenye fleti na kusema ndiyo. Alikuwa ameyapanga maneno hayo tangu Helsinki. Akachungulia chumbani. Saimi alikuwa amekaa kitandani, akikunja kitambaa cha meza cha mama yao kwa mkono mmoja, akikibana kwa kidevu ili kisikunjuke.

"Nilisema nikishindwa nitakwenda," alisema bila kuinua kichwa. "Nimeshindwa. Piga simu."

"Ndiyo. Napiga."

"Tuchukue na vyungu vya maua, kama lifti inaruhusu."

"Inaruhusu."

Armas aliingoja ile sauti kali, alingoja aitwe mjinga, mpumbavu, mwacha asili. Tangu utotoni, Saimi akikasirika alisema mpaka mabati yakasikia. Sasa alikunja tu.

"Nigombeze basi!" Armas alifoka.

"Ili iwe nini?"

"Nimeligandisha bomba la baba! Nimelivua kwa mikono yangu, nikanywa kahawa nikiliangalia! Nigombeze!"

"Nimechoka, mdogo wangu. Piga simu."

Armas angeweza kuvumilia kijiko cha Saimi dirishani, hata Taisto na mizaha yake, lakini upole huu ulimpandisha hasira hadi masikio yakawaka. Aliitupa simu kwenye kapu la kuni. Alitwaa mtaimbo ulioegemea ukuta wa ubaraza, akafunga debe la maziwa juu ya sleji, akatoka bila kufunga koti. Kwenda kwa Taisto ilikuwa hatua chache tu. Lakini kuvuka barabara na ndoo tupu mchana kweupe, kuomba maji ambayo umeyagandisha mwenyewe! Heri ziwa.

Njia ya ziwani ilipita kwa mzunguko nyuma ya sauna. Armas aliona mzunguko ule ni upuuzi, akakata moja kwa moja, na hatua ya tatu akazama hadi kiunoni. Akatukana. Akajikokota, akazama tena, buti moja likabaki chini, akalifukua kwa mikono huku soksi ikishika theluji kama unga. Alipofika barafuni alikuwa amekwisha kuilaani theluji ya Kaskivaara, ya Ufini yote, na ya mbinguni inakotengenezwa.

Akapiga mtaimbo. Barafu ilirusha vipande usoni mwake. Akapiga, akapumzika, akapiga, mpaka mtaimbo ukapenya na maji meusi yakapanda tunduni yakipumua mvuke. Alipiga magoti kuyachota na hapo akasimamisha mkono. Ziwa lote lilikuwa jeupe na kimya. Jua lilikuwa limelala juu ya msitu, na theluji kuanzia pale alipo hadi ng'ambo ilikuwa ya waridi, halafu ya buluu penye vivuli. Mama yao alikuwa akichotea hapa hapa kabla ya bomba. Alikuwa akimwambia Armas ashike kamba ya ndoo, na Armas alidhani kwamba ni yeye aliyekuwa akivuta. Palikuwa pazuri. Palikuwa pazuri kiasi cha kumkera mtu, maana uzuri wenyewe ulikuwa umechelewa miaka sitini na sasa ulikuwa umemkuta na goti bovu.

"Hebu niache," Armas aliliambia ziwa, akachota.

Kurudi alifuata njia ya mzunguko. Hata hivyo sleji iliegemea upande mara mbili, na kila mara maji yalimmwagikia miguuni. Kabla hajafika ubarazani suruali ilikuwa imeganda ikawa kama vipande viwili vya bomba la bati. Aliingia jikoni akitembea bila kukunja magoti, akaweka debe mezani kwa kishindo.

Saimi alitoka chumbani, kitambaa bado kimebanwa kidevuni.

"Nini hicho?"

"Maji."

Saimi alichungulia. "Nusu debe."

"Nusu nyingine iko kwenye suruali. Nitarudi tena."

"Mara ngapi?"

"Mpaka hilo bomba lifunguke."

"Armas, huna mke wa kukukataza, basi nakukataza mimi. Una miaka sabini na miwili."

"Na wewe una sabini na tisa, na unabishana na mtu aliyeganda."

Saimi alikaa. Alimtazama kwa muda, jinsi alivyokuwa akimtazama zamani akirudi shuleni na jeraha asilotaka kulieleza.

"Si ulitaka niondoke?"

"Bado nataka!" Armas alipiga meza, maji yakaruka debeni. "Nataka mpaka naumwa! Mahali hapa si pa kuishi binadamu. Lakini nataka uondoke kwa sababu nimekushinda kwa hoja, siyo kwa sababu nimekukatia maji kama mwenye nyumba mwenye roho mbaya! Siwezi kuishi jengo la jirani nawe nikikutana nawe dukani kila siku, nawe umenyamaza hivyo. Fleti wampe mwingine. Zipo nyingine. Mwezi wa tano, au wa sita, koki ikitoa maji, tutakaa hapa hapa tuanze upya, nami nitakushinda vizuri."

"Hutanishinda."

"Nitakushinda."

"Hujawahi kunishinda tangu kuzaliwa."

"Sijawahi kuwa na hasira kama hii."

Saimi aliachia kidevu, kitambaa cha mama kikakunjukia mapajani. Akakitazama, akakitandaza mezani kwa mkono mmoja, upande mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine, akaweka debe juu yake. Kisha akachota sufuria moja ya maji, akaiweka jikoni, akachochea moto.

"Haya ya kunywa yachemshwe. Ya sahani yapashwe moto tu. Sauna ni Jumamosi, ndoo mbili kila mtu, siyo kuoga kama tembo wa Helsinki."

"Sawa."

"Kesho uende asubuhi, njia ikiwa ngumu. Na usikate njia ya mkato nyuma ya sauna."

"Najua."

"Hujui. Nimekuona dirishani ukizama."

"Dada, nimesema najua!"

"Basi vua hiyo suruali kabla haijayeyukia kwenye zulia."

Armas alijaribu kuinama afungue buti. Suruali haikukubali. Alijaribu upande wa pili, akabaki ameinama nusu, mkono mmoja ukutani, akitweta kwa hasira. Saimi, mwenye mkono mmoja mzima, alivuta kiti, akakaa mbele yake, akaanza kugonga barafu ya magotini kwa kijiko.